Hodi Isiyofika Kalenga

Geuza ruta yoyote ya ofisi ndogo usome kibandiko kilichopo chini yake. Mara nyingi utakuta namba 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na pembeni yake jina la mtumiaji na neno la siri. Andika namba hiyo kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta, na ukurasa wa mipangilio utafunguka. Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, utafunguka. Mbeya utafunguka, na Lisbon pia. Kila mahali ni ruta nyingine, lakini namba ni ileile.

Tukifikiri vizuri, hili ni jambo la kushangaza. Kazi ya anwani ni kumtofautisha mmoja na mwingine. Inakuwaje visanduku vingi kiasi hicho duniani viwe na anwani moja, na bado ujumbe usipotee? Mafundi wana jibu lao fupi. Jibu refu ni historia ya mgawanyo: nani alifika mapema na kujaza gunia, na nani alikuta ghala linafagiliwa.

Mwaka 1977 Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliamua kwamba anwani ya mtandao iwe na tarakimu 32 za sifuri na moja. Hesabu hiyo inatoa anwani 4,294,967,296, karibu sawa na idadi ya watu waliokuwa wakiishi duniani wakati huo. Kwake lilikuwa jaribio tu, na kwa jaribio namba hizo zilitosha mno. Jaribio halikuisha. Mwaka 1981 utaratibu huo ukawa kanuni rasmi, na ndio tunaoutumia mpaka leo kwa jina la IPv4.

Kwa kuwa namba zilionekana hazina mwisho, ziligawiwa kama maji ya mtoni. Chuo cha MIT cha Marekani kilipata fungu zima la anwani 16,777,216. Kampuni ya magari ya Ford ilipata fungu la ukubwa uleule. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kwa hiyo mafungu mawili, moja la chuo na jingine la kiwanda, yangetosha kuwapa anwani zaidi ya nusu ya wananchi wetu.

Miaka ya 1990 ilipoanza, wahandisi waliona ghala linapungua. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la muda mfupi, la kusukuma siku mpaka dawa ya kudumu ipatikane. Februari 1996 ukafuata waraka mwingine uliotenga namba maalumu za matumizi ya ndani. Miongoni mwake zimo zote zinazoanza na 192.168. Yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila kuomba kwa mtu, kwa sharti moja: zisitoke nje.

Aliyesoma shule ya bweni ataelewa haraka. Shule ina S.L.P. moja. Wanafunzi mia sita hawana sanduku lao posta, wana majina tu ndani ya uzio. Barua zote zinatoka kwa anwani ya shule, na majibu yanarudi kwenye sanduku hilohilo, kisha mwalimu wa zamu anasimama mstarini na kuita majina. Ruta ndiyo mwalimu wa zamu. Kompyuta ya mhasibu ikiomba ukurasa, ruta huandika kwenye daftari lake nani ameomba nini, hutuma ombi kwa anwani ya nje, na jibu likifika hulipeleka kwa mwenyewe.

Sehemu inayoitwa DHCP kwenye ukurasa wa mipangilio ndiyo inayogawa hayo majina ya ndani. Ukiikuta imepangwa kuanza 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.200, maana yake ruta inaweza kupokea vifaa 101 kwa zamu moja. Printa ni vizuri ipewe namba isiyobadilika nje ya safu hiyo. Vinginevyo siku moja umeme utakatika, vifaa vyote viwake upya, na kompyuta ziitafute printa kwenye namba ambayo sasa ni ya simu ya mgeni.

Mfano wa shule, hata hivyo, una mahali unapokomea. Ndugu yako aliye Makambako anaweza kukuandikia barua shuleni hata kama hukumwandikia kwanza. Kwenye ruta haiwezekani. Ujumbe kutoka nje usioitikia ombi lolote huishia mlangoni, kwa sababu daftari halionyeshi ni wa nani. Ukitaka upite, lazima uingie kwenye mipangilio umwachie mlinzi maagizo: anayebisha mlango namba fulani, mpeleke kwenye kompyuta fulani.

Na siku hizi hata maagizo hayo mara nyingi hayasaidii. Ofisi ndogo za vijijini huunganishwa kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani ya ruta, na kampuni za simu nazo zina uhaba wa anwani. Aprili 2012 likatengwa fungu jingine, linaloanza 100.64 na kuishia 100.127, kwa ajili ya kampuni za mawasiliano kuwaweka wateja wao nyuma ya ukuta wa pili. Fungua ukurasa wa hali ya muunganisho usome anwani ya upande wa nje. Ikianza na namba hizo, au na 10, ruta yako yenyewe ni mwanafunzi ndani ya bweni kubwa zaidi. Mlinzi wa geti la mwisho si wako, na maagizo yako hayamfikii.

Kwa nini uhaba huu unatubana? Tazama tarehe. AFRINIC, chombo kinachogawa anwani Afrika, kilitambuliwa rasmi mwaka 2005, makao yake yakiwa Ebène, Mauritius. Kabla ya hapo watoa huduma wa Afrika walipata anwani kupitia vyombo vya mabara mengine. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, Dar es Salaam ikiwa moja ya vituo vyake, na kabla yake intaneti yetu ilitegemea satelaiti za bei ghali. Februari 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila kanda. Kati ya mkongo kufika na ghala kufungwa haikupita hata miaka miwili.

Afrika ilibaki na akiba kwa muda kuliko kanda nyingine, na akiba hiyo ikawa kishawishi. Mwaka 2021 AFRINIC yenyewe ilitoa ripoti ya ukaguzi: anwani zaidi ya milioni 4 zilikuwa zimeandikishwa au kuhamishwa isivyo halali. Zikafuata kesi, na mwaka 2023 mahakama ya Mauritius ikateua msimamizi wa kukishikilia chombo hicho. Mtu anayepanga ruta Kalenga hasikii kelele hizo. Anachoona ni namba 100 na kitu kwenye skrini.

Kuna watakaosema: hasara iko wapi? Ofisi inatuma barua pepe, inajaza fomu za serikali, inatazama video. Ni kweli. Lakini jina lenyewe la Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome, na Kalenga ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, Lipuli, iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Hapo pana makumbusho, na ndani yake fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Tuseme kijana wa hapo anawarekodi wazee wakisimulia kwa Kihehe, anahifadhi sauti kwenye kompyuta ya ofisi, na anataka Mhehe aliyeko Muscat au Toronto azisikilize moja kwa moja kutoka hapo. Nyuma ya kuta mbili, hodi ya huyo Mhehe haifiki. Itabidi sauti zipelekwe kwenye seva ya kukodi, aghalabu nje ya nchi, zikae chini ya masharti ya mwenye nyumba. Kalenga inajua maana ya vitu vyake kutunzwa mbali.

Sisemi ukuta hauna faida. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, na ikateka malaki ya kamera na ruta ambazo wenyewe hawakuyabadilisha. Vifaa vilivyokuwa nyuma ya ukuta havikuonekana kirahisi. Ila ulinzi huo ni bahati iliyoletwa na uhaba. Lipuli nayo ilikuwa na ukuta. Jambo la kwanza la kufanya kwenye ruta mpya, kabla hata ya kutaja jina la mtandao, ni kufuta neno la siri lililoandikwa kwenye kibandiko.

Dawa ya kudumu ilichapishwa zamani. Kanuni ya kwanza ya IPv6 ilitoka Desemba 1995, miezi miwili kabla ya waraka wa 192.168. Anwani zake zina tarakimu 128, kiasi kwamba kila simu na kila printa ya Kalenga inaweza kuwa na yake, na bado mwenye ofisi akaamua kwenye ruta yake mwenyewe nani aingie na nani abaki nje. Mwaka 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilipita nchini ikiweka namba kwenye nyumba zetu. Vifaa vilivyomo ndani vingi bado vinaazima namba.

Kwa hiyo, siku utakayofungua ukurasa wa mipangilio, shuka chini ya DHCP utafute IPv6. Mara nyingi utaikuta imezimwa. Iwashe, hakikisha ulinzi wa ruta umewashwa nao, kisha angalia kama anwani inashuka kutoka kwa mtoa huduma. Isiposhuka, mpigie umuulize ni lini ataanza kuitoa. Aulizwe na ofisi moja, kisha na ya pili, mpaka swali hilo liwe la kawaida kama kuuliza bei ya bando.