Kivuko, gazeti na ugomvi wa miaka tisa: Jinsi somo la udhibiti lilivyopata sura yake

AGOSTI 2, 2027 itatimia miaka 100 tangu mhandisi kijana wa Marekani, Harold Black, achore kwenye ukurasa wa gazeti mchoro ambao leo ndio msingi wa somo la udhibiti kwa kila anayesomea mekatroniki chuo kikuu. Sidhani kama vyuo vyetu vina mpango wowote wa kuiadhimisha siku hiyo, na hilo halishangazi. Tumezoea kupokea kanuni bila kuuliza zimetoka wapi.

Mchoro wenyewe ni mdogo. Una sanduku, mshale unaoingia, mshale unaotoka, na mstari unaochukua sehemu ya kilichotoka na kuirudisha kule mwanzo ili ipunguzwe kwenye kinachoingia. Wahandisi huuita mrejesho hasi. Wazo hilo ndilo linaloisimamisha lifti sawasawa na sakafu na kuituliza droni hewani upepo unapovuma.

Wapo waliomtangulia Black. James Watt alifunga kidhibiti mwendo chenye mipira inayozunguka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. James Clerk Maxwell aliandika hesabu za vidhibiti hivyo mwaka 1868. Edward Routh, aliyemshinda Maxwell huyo huyo katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1854, alitoa mwaka 1877 kanuni ya kupima uthabiti wa mfumo ambayo mpaka leo inawatoa jasho wanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Lakini kisa chenye utamu ni cha Black, na tunakijua zaidi kutokana na makala aliyoiandika mwenyewe mwaka 1977, nusu karne baadaye.

Black alikuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, New York, zilizohudumia kampuni ya simu. Sauti ikisafiri mbali kwenye waya hufifia, kwa hiyo ilibidi njiani ziwekwe amplifaya za vali, moja baada ya nyingine. Kila amplifaya iliongeza nguvu, lakini pia iliongeza uchafu kidogo kwenye sauti. Pale ambapo waya mmoja ulibeba mazungumzo mengi kwa pamoja, uchafu wa moja uliingia kwenye jingine, na mpaka sauti ifike upande wa pili wa Marekani hakuna aliyemsikia mwenzake vizuri.

Wenzake walihangaika kutengeneza vali isiyo na kasoro. Black, baada ya kumsikiliza Charles Steinmetz akihutubia wahandisi mwaka 1923, alibadili swali: vali iachwe na kasoro zake, kinachotakiwa ni kuuondoa uchafu kwenye kinachotoka. Mtambo wake wa kwanza ulifanya kazi, ila ulihitaji mtu wa kuurekebisha kila baada ya saa moja, usiku na mchana. Nani angeajiriwa kwa kazi hiyo katika kila kituo kutoka New York hadi San Francisco?

Jibu lilimjia Jumanne asubuhi, Agosti 2, 1927, akiwa kwenye kivuko cha Lackawanna, akivuka mto Hudson kwenda kazini. Hakuwa na daftari. Alikuwa na nakala ya New York Times yenye ukurasa ambao karibu wote ulikuwa mtupu kwa hitilafu ya uchapaji. Akachora hapo hapo, akaandika hesabu, akatia sahihi. Alipofika ofisini, mwenzake Earl Blessing akatia sahihi kama shahidi. Desemba 29 mwaka huohuo, amplifaya ya majaribio ilipunguza uchafu mara 100,000.

Mtu angetegemea apigiwe makofi. Badala yake mkurugenzi wa utafiti, Harold Arnold, alikataa katakata na kumwagiza atengeneze amplifaya za kawaida.

Tusimcheke Arnold. Yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ukumbini anajua kinachotokea maikrofoni ikisogezwa karibu na spika: mluzi mkali, watu wanaziba masikio. Sauti iliyotoka imerudi ilikoingilia, ikakuzwa tena na tena. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba ukirudisha kinachotoka kwa kiwango kikubwa namna ile, mwisho wake ni mluzi tu. Tena Black alikuwa anapendekeza jambo lililoonekana la kifujaji: tengeneza amplifaya yenye nguvu mara 10,000 kupita inayohitajika, kisha itupe ziada yote ili ubaki na usafi.

Ombi la hataza liliwasilishwa Agosti 1928. Ofisi ya hataza ya Marekani ilijibu kwa kumwekea mbele maandiko ya kitaalamu yaliyosema jambo hilo haliwezekani. Waingereza walilichukulia ombi hilo kama la mtu anayedai ameunda mashine inayojiendesha milele bila nishati. Ubishi ukaendelea miaka tisa. Kilichoumaliza ni amplifaya 70 zilizokuwa zikifanya kazi bila mluzi katika jengo la simu la Morristown, New Jersey. Hataza ilitolewa Desemba 21, 1937.

Katikati ya ubishi huo, mwaka 1932, Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa katika kampuni hiyohiyo ya simu, alionyesha kwa hesabu ni lini mrejesho huleta utulivu na ni lini huleta mluzi. Hendrik Bode akaongeza michoro yake. Vita Kuu ya Pili ikaliingiza somo darasani kwa nguvu, kwani mizinga ilihitaji kujielekeza yenyewe kwa ndege. Mwaka 1969 Tetsuro Mori wa kampuni ya Yaskawa, Japani, akaupa jina la mekatroniki muungano wa mashine na elektroniki.

Kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kinafundisha shahada ya mekatroniki. Dedan Kimathi cha Nyeri pia kinayo.

Kasoro iliyopo ni namna tunavyofundisha. Mwanafunzi anachora mchoro wa Nyquist, anapata alama zake, lakini hajawahi kuiona mota ikitetemeka kwa sababu amezidisha urekebishaji, ikipita alama, ikirudi, ikipita tena. Hajui kwamba wakubwa wa fani waliwahi kusema mchoro wa Black hauwezekani, naye, akiwa na miaka 29, akawabishia kwa vipimo. Kijana asiyejua hilo ataogopa kumbishia mhadhiri wake hata akiwa na vipimo mkononi. Mwaka 2027 si mbali. Kila idara inaweza kutenga wiki moja, iwape wanafunzi mota, vihisi na makala ya Black, kisha iwaache wabishane.