Jinsi bakteria wa kipindupindu wanavyopeana ishara

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kuwa kila bakteria huishi kivyake, pasipo kujali wenzake. Dhana hiyo ilitikisika mwaka 1970, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings, walipochapisha uchunguzi wao juu ya bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Walibaini kuwa bakteria hao hawawaki wanapokuwa wachache. Huwaka pale tu idadi yao inapokuwa kubwa.

Siri imo katika kemikali. Kila bakteria huachia molekuli ndogo katika majimaji yanayomzunguka. Kadiri bakteria wanavyoongezeka, ndivyo kemikali hiyo inavyojikusanya. Ikifikia kiwango fulani, vipokezi vyao huitambua, na wote kwa pamoja huwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine.

Vimelea vingi vya maradhi hutumia mbinu hiyo, ingawa si kwa namna moja. Pseudomonas aeruginosa, anayeshambulia vidonda vya moto na mapafu ya wagonjwa dhaifu, hungoja mpaka jeshi lake liwe kubwa ndipo atoe sumu nyingi. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hufanya kinyume. Wanapokuwa wachache, jeni za sumu na za kujishikiza kwenye utumbo huwa kazini. Sumu hiyo hulazimisha seli za utumbo kumwaga maji na chumvi, na mgonjwa huharisha mfululizo. Wakishakuwa wengi, ishara zao husababisha kutengenezwa kwa protini iitwayo HapR, ambayo huzima jeni hizo na kuchochea kimeng'enya kinachowasaidia kujibandua, watoke na kinyesi wakaambukize wengine.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton walitambua muundo wa mojawapo ya kemikali hizo, CAI-1, na kuonyesha katika maabara kuwa huzuia bakteria hao kutengeneza nyenzo za kusababisha ugonjwa.

Matumaini ni kupata dawa zitakazovuruga mawasiliano ya vimelea badala ya kuwaua, kwa kuwa antibaiotiki nyingi zimezoeleka kwao. Hadi hapo, kinachookoa maisha ya mgonjwa wa kipindupindu ni kumrudishia haraka maji na chumvi alizopoteza. Na kinga yake ni maji salama na vyoo bora.