Grini na Mahandaki ya St Andrews: Historia Fupi ya Kiwanja cha Kale

Kiwanja cha gofu kilicho mashuhuri kuliko vyote duniani hakikubuniwa na mtu. Katika mji wa St Andrews, pwani ya mashariki ya Uskoti, baina ya nyumba za mawe ya kijivu na maji ya Bahari ya Kaskazini, umelala ukanda wa ardhi ya mchanga ambao haukufaa kulimwa wala kujengwa, na ambao kwa sababu ya kutofaa huko uliachiwa kondoo, sungura, wavuvi walioanika nyavu zao, na watu waliopenda kupiga mpira mdogo kwa fimbo na kuufuata kutoka shimo hadi shimo. Makala haya ni kumbukumbu ya kiwanja hicho, na hasa ya mambo mawili yaliyokipa sifa: grini, yaani uwanda wa nyasi zilizokatwa fupi ambamo shimo huchimbwa, na mahandaki ya mchanga yanayozilinda.

Umri wa mchezo katika nchi ile hauna shaka, kwa kuwa mwaka 1457 Bunge la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, liliupiga marufuku pamoja na kandanda, likilalamika kuwa watu wameacha mazoezi ya upinde ambayo taifa liliyahitaji vitani. Na hapana serikali inayoharamisha jambo lisilotendwa. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia muhuri hati iliyothibitisha haki ya wenyeji wa mji kuutumia uwanda ule kwa michezo yao, gofu ikiwa miongoni mwake, naye akajiwekea haki ya kufuga sungura humo. Sungura hao walizaa ugomvi baadaye. Mji ulipokuwa muflisi mwaka 1797 ardhi iliuzwa, wafuga sungura wakaishika, na daawa zikafuata kwa miaka mingi hata James Cheape wa Strathtyrum, aliyekuwa mpenzi wa gofu, alipoinunua mwaka 1821 na kuwapa wachezaji utulivu.

Chama cha wachezaji kiliasisiwa na mabwana 22 tarehe 14 Mei 1754, na mwaka 1834 Mfalme William wa Nne akakipa jina la heshima ambalo hata leo kinajulikana kwalo, Royal and Ancient. Wakati huo njia ya kuchezea ilikuwa ujia mwembamba baina ya vichaka vya miiba, na mashimo waliyoyaendea wachezaji walipotoka mjini ndiyo hayo hayo waliyoyarudia walipogeuka karibu na mlango wa mto Eden. Mwaka 1764 Chama kiliona kuwa mashimo manne ya mwanzo ni mafupi mno, kikayaunganisha yakawa mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwa kwenda na kwa kurudi, mzunguko uliokuwa wa mashimo 22 ukashuka hadi 18. Mchezaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam ahesabuye mashimo yake 18 leo hatii kanuni ya hisabati wala ya maumbile. Anatii shauri la mabwana wa mji mmoja mdogo juu ya mashimo manne waliyoyaona hayana ladha.

Kundi linalokwenda na kundi linalorudi lilikutana juu ya grini moja, penye shimo moja, kila moja likidai kutangulia. Adha hiyo ilivumilika maadamu wachezaji walikuwa wachache. Lakini mnamo 1848, mpira wa ngozi uliojazwa manyoya, ambao bei yake ilikuwa ghali na ambao ulipasuka upesi, ulipoanza kuondolewa na mpira wa utomvu wa gatapacha, uliokuwa rahisi na wenye kudumu, watu waliongezeka na msongamano ukawa hauvumiliki tena. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya busara isiyo na makuu: miiba ilifyekwa, grini zikapanuliwa, na katika kila moja yakachimbwa mashimo mawili, hata kufikia mwaka 1857 desturi hiyo ilikuwa imeenea kiwanja kizima. Ndiyo asili ya zile grini saba za pamoja ambazo wageni huzistaajabia, ambamo shimo la 2 hukaa na la 16, la 3 na la 15, na hivyo hivyo hadi la 8 na la 10, jumla ya kila jozi ikiwa 18, bendera nyeupe zikiwaelekeza waendao na nyekundu warudio. Mashimo ya 1, 9, 17 na 18 pekee ndiyo yenye grini zao wenyewe. Juu ya grini hizo kubwa mtu aweza kuwa hatua 50 mbali na shimo lake, naye bado yumo ndani ya grini, na kati yake na shimo pana mabonde na vilima visivyosawazishwa na mkono wa mtu. Kwa hiyo kufika kwenye grini, jambo ambalo katika viwanja vingi ni nusu ya kazi, huko ni mwanzo tu wa taabu.

Mahandaki, ambayo leo ni 112, nayo yalikuwapo kabla ya mtu kuyatamani. Wazee wa mji husimulia kuwa kondoo walijikinga upepo nyuma ya vilima vya mchanga, wakayasugua majani hata ardhi ikawa tupu, na upepo ukaendelea kuchimba pale walipoanzia. Mengine yaliendelea kufumuka pale mipira ilipozoea kuangukia, kwa kuwa fimbo zilizokita mahali pamoja mwaka hata mwaka ziliua nyasi. Mengi yamepewa majina, kama majirani: yako Majeneza, iko Pua ya Mkuu wa Chuo, na liko lile kubwa la shimo la 14 liitwalo Jahanamu, ambamo mwaka 1995 Jack Nicklaus, aliyekwisha kushinda mashindano makuu ya Uingereza mara mbili katika kiwanja hicho hicho, alipoteza mapigo hata akamaliza shimo kwa pigo la 10. Katika shimo la 12 mgeni husimama penye mwanzo, akaona uwanda mweupe usio na hatari, akapiga katikati kwa moyo mkunjufu, na mpira ukatoweka. Mahandaki yamefichwa nyuma ya vimo vya ardhi, kwa sababu zamani kiwanja kilichezwa pia kwa upande wa kinyume, na yalimwelekea mchezaji aliyetoka huko. Mwerevu wa zama hizi angeyafukia. Waskoti waliyaacha, nami nawasifu.

Watu wawili wanastahili kutajwa kwa taadhima. Wa kwanza ni Allan Robertson, mtengeneza mipira na bingwa wa zama zake, ambaye mwaka 1858 alikuwa wa kwanza kuzunguka kiwanja hicho kwa mapigo 79, na ambaye hunasibishwa na kazi ya kupanua grini na kuumba ile ya shimo la 17. Wa pili ni Tom Morris, aliyezaliwa hapo mjini mwaka 1821, akawa mwanafunzi wa Robertson, akagombana naye kwa ajili ya mpira wa gatapacha, akahamia mji wa Prestwick, na mwaka 1864 Chama kikakata shauri kumrejesha awe mlinzi wa kiwanja. Zana alizokabidhiwa zilikuwa toroli, jembe la Kizungu na koleo. Kwa zana hizo, na kwa imani yake kuwa nyasi za pwani hazitaki mbolea ya fahari bali mchanga, na tena mchanga, alizitunza grini hadi mwaka 1903, akatengeneza mpya katika shimo la 1 na la 18, na akashikilia kuwa kiwanja kipumzike siku ya Jumapili.

Lakini anayetaka kufahamu jinsi grini na handaki vinavyosaidiana hana haja ya kutazama pengine ila shimo la 17. Grini hiyo ni nyembamba, imelala mshazari, nayo imeinuka kama baraza ya nyumba. Nyuma yake imepita njia ya magari na ukuta wa mawe, ambavyo vyote ni sehemu ya mchezo. Upande wa kushoto, kwa mbele, handaki moja limeila grini hata likaingia tumboni mwake, na ardhi iliyolizunguka imeinama kulielekea, hivi kwamba mpira upitao jirani yake huvutwa ndani. Kuta zake ni mapande ya nyasi yaliyopangwa safu juu ya safu, karibu wima, nayo hujengwa upya yanapolegea. Anayeogopa handaki hupiga kulia, akahatarisha njia. Anayeogopa njia hupiga mfupi, akabakiwa na handaki kati yake na bendera. Katika mashindano makuu ya Uingereza ya mwaka 1978 Mjapani Tommy Nakajima alikuwa amekwisha kufika kwenye grini kwa mapigo mawili. Akausukuma mpira taratibu, ukageuka, ukatumbukia handakini, akapiga mara nne ndipo akatoka, na shimo likamgharimu mapigo 9. Kinyume chake, mwaka 2000 Tiger Woods alishinda mashindano hayo akiwa hakuingia katika handaki lolote kwa siku zote nne.

Mchezaji Bobby Jones wa Marekani alikuja mashindanoni mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 19, akazama katika handaki la shimo la 11, akaacha mashindano kwa hasira. Alirejea mwaka 1927 akashinda, na mwaka 1958 mji ukampa uraia wa heshima. Baina ya safari hizo alifanya urafiki na Dakta Alister MacKenzie, aliyekipima kiwanja na kukichorea ramani mwaka 1924, na wawili hao walipojenga kiwanja cha Augusta walichukua kutoka St Andrews uwanda mpana, mahandaki machache yenye maana, na grini zinazomhukumu mtu kwa upande aliotokea. Kabla yao Charles Blair Macdonald, aliyepelekwa kusoma St Andrews mwaka 1872, alikuwa amekwisha kuiga shimo la 11 na la 17 katika kiwanja chake cha Long Island.

Mji uliirudisha milki ya uwanda ule kwa sheria ya mwaka 1894, na tangu 1974 uko chini ya wadhamini waliowekwa kwa sheria ya Bunge; Chama cha Royal and Ancient, kilichojenga jumba lake hapo, hucheza kwa idhini kama raia wengine. Mnamo 2012 wadhamini walimruhusu msanifu wa viwanja Martin Hawtree kupunguza mwinamo wa grini ya 11 na kurekebisha ardhi ya handaki la 17, na kelele zilisikika kutoka pande nyingi za dunia. Kwa rai yangu kelele zile zilikuwa na haki, ijapokuwa kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kwa kuwa kinachofaa kubadilishwa pale ni nyasi zilizochakaa na kuta zilizobomoka, wala si umbo. Msomaji atakayejaliwa kufika huko na atie jina lake katika bahati nasibu ya wachezaji, itolewayo siku mbili kabla. Na asiyecheza na aende Jumapili, maana siku hiyo kwa kawaida kiwanja hufungwa kwa gofu, na kila mtu yu huru kutembea humo bila malipo.