Njia za Habari Katika Kivu: Fonie, Radio na Simu

Leo tunasema juu ya jambo linalogusa kila familia iliyohama: habari zinatufikia kwa njia gani, na ni nani wanaozikosa?

Katika nchi yetu simu ya mkononi ilianza mapema. Kampuni ya Telecel ilianzishwa mwaka 1986, wakati wa Zaire, ikiwa kati ya za kwanza katika Afrika. Lakini simu zile zilikuwa ghali sana; zilikuwa za wakubwa wa serikali na matajiri. Huku Kivu, mtu wa kijiji alitegemea fonie ya misioni, barua mkononi mwa dereva wa lori, na radio.

Radio ilituonyesha sura mbili. Katika mwaka 1994, RTLM ilichochea mauaji huko Rwanda. Mwaka ule ule, Radio Agatashya ilianza kusema kutoka Bukavu, ikiwapa wakimbizi na wenyeji habari zilizochunguzwa. BBC nayo ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, kilichosoma majina ya watu waliopoteana na jamaa zao. Chombo ni kile kile. Maneno ndiyo yaliyotofautiana. Vita vilipofika Bukavu, Oktoba 1996, Radio Agatashya ilinyamaza, wakati ule ule watu walipoihitaji zaidi.

Celtel ilifika Kongo mwishoni mwa mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002. Februari ya mwaka huo Radio Okapi nayo ilianza, na Kiswahili ni moja ya lugha zake. Basi antena zikaongezeka. Lakini antena inataka mafuta ya jenereta, mlinzi, barabara, na watu wenye pesa ya kununua yunite. Kwa hiyo rezo ilifuata miji, barabara kubwa na machimbo. Milima nayo inazuia mawimbi, hata mtu anapanda juu ya kilima ili apate kusema na ndugu yake. Tena rezo inaweza kufungwa kwa amri: Desemba 2011 ujumbe mfupi ulikatwa, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa karibu wiki tatu.

Historia hii inatufundisha nini? Kwamba mahali pasipo na rezo, uvumi unashika nafasi yake; na mahali penye rezo, uvumi unakimbia upesi zaidi. Ujumbe mmoja, «watu wa kabila fulani wanakuja», unaweza kuhamisha kijiji kizima au kuwapa vijana mapanga.

Ninyi bami, machifu na wazee wa baraza, kabla ya kupitisha habari, ulizeni: nani aliona kwa macho yake? Wapi? Siku gani? Muwe na namba ya kiongozi wa jamii jirani, nanyi mumpigie kabla hamjaamini mabaya juu ya watu wake. Pasipo rezo, chagueni pamoja wajumbe kutoka pande zote mbili.

Nanyi mliohama, andikeni namba za jamaa kwenye karatasi, kwa sababu simu inaibiwa na batri inakwisha. Patana mapema mahali pa kukutana mkitawanyika. Na mtoto ajue jina lake kamili, la wazazi na la kijiji chake.