Tano tisa kwa kila mtu

Sikiliza mashindano ya redio ya ridhaa, zile mitambo za wapenzi wa mawasiliano, na utasikia wakipeana alama moja tu: "tano tisa". Hata yule aliyeombwa kurudia kitambulisho chake mara tatu hupewa 59! Nikajiuliza, ilikuwaje?

Mwaka 1934, Mmarekani Arthur Braaten, kitambulisho W2BSR, alipendekeza mfumo wa RST. Tarakimu ya kwanza, 1 hadi 5, hupima unavyoeleweka. Ya pili, 1 hadi 9, nguvu ya mawimbi. Ya tatu, pia 1 hadi 9, usafi wa mlio wa Morse. Kwa mazungumzo ya mdomo, hiyo ya tatu huachwa. Basi hakuna tarakimu ya kumwambia mtu, "Sauti yako inakwaruza, punguza maikrofoni." Unaweza kueleweka, ukasikika kwa nguvu, na bado ukaumiza masikio na kumwagikia masafa ya jirani.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Jaribio linalojibu "sawa" kila mara halijapima kitu.

Mwaka 2008, WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ilianza kumwezesha yeyote kusikiliza masafa mafupi kwa intaneti. Mawimbi yako yakifika huko, unajisikia mwenyewe, jinsi wengine wanavyokusikia. Ukirusha sauti, jirekodi huko kwanza. Mwenzako atakupa 59 kwa adabu. Rekodi haina adabu, na ndiyo faida yake.