Mfangano: Urithi ni wa Anayeutunza

Katika kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kuna michoro ya kale kwenye mapango mawili, Mawanga na Kwitone. Ni miduara ndani ya miduara, na mistari iliyojiviringa kama gamba la konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa kale, jamaa za Watwa, walioishi huko kabla ya wakulima kufika. Wasuba, wenyeji wa leo, husimulia kwamba mababu zao walitoka pande za Buganda na Busoga wakavuka ziwa. Kwa hiyo si wao walioichora. Hata hivyo waliilinda vizazi kwa vizazi, na mwanzoni mwa karne hii kisiwani humo kukaanzishwa Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba. Makumbusho hayo hayakuleta uhifadhi Mfangano. Yalipokea zamu iliyokuwa mikononi mwa miiko, na ndiyo maana yanapaswa kubaki mikononi mwa wanakisiwa.

Kabla ya sheria yoyote ya mambo ya kale kufika kisiwani, mapango hayo yalikuwa mahali pa ibada, hasa za kuomba mvua. Si kila mtu aliruhusiwa kuingia, na aliyeingia alijua masharti. Hofu na heshima ya miiko hiyo ilifanya kazi ya uzio na ya mlinzi, bila mshahara wala kibao. Tofauti inaonekana Kakapel, karibu na mpaka wa Uganda, ambako michoro ya aina hiyo iliwahi kuharibiwa kwa maandishi ya watu waliopita. Lakini miiko hulinda pale tu inapoaminiwa. Makanisa na shule vimebadilisha imani za ziwani, na kijana anayetafuta riziki kwa kuvua mbuta na omena hana sababu ya kuogopa pango ambalo hakuelezwa maana yake. Hofu ikishaondoka, pango linahitaji mlinzi mwingine, na mlinzi huyo ni ujuzi: watu waelewe kilichomo na waone fahari kukilinda. Kuueneza ujuzi huo ndiyo kazi ya makumbusho.

Kwa nini kazi hiyo isifanywe kutoka Nairobi? Jibu limo katika historia ya kisiwa jirani. Mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey aligundua kisiwani Rusinga fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Fuvu lilipelekwa London, na baada ya miaka mingi likarudishwa Kenya, ila safari yake ya kurudi iliishia Nairobi. Sayansi ilipata faida kubwa, na hilo halina ubishi. Lakini Rusinga ilibaki jina katika vitabu vya wengine. Mtazamo tofauti ulijitokeza miaka ya 1990, pale Sultan Somjee, aliyekuwa akisimamia idara ya etnografia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alipohimiza jamii mbalimbali kuanzisha makumbusho madogo ya amani. Vifaa vingebaki karibu na wazee wanaojua matumizi yake katika kupatanisha watu. Makumbusho ya Mfangano ni tunda la mtazamo huo.

Wapo wanaopinga wakisema kisiwa hakina uwezo: mchwa, unyevu na uhaba wa fedha vitaangamiza kile ambacho jiji lingekitunza. Hatari hiyo ni ya kweli, na kitu dhaifu sana kinaweza kuhifadhiwa Nairobi kwa makubaliano ya maandishi. Lakini mwamba hauhamishiki, na mtumbwi, nyavu au chungu kikitengwa na anayejua kukitumia hupoteza nusu ya habari zake. Wengine huuliza Wasuba wana haki gani juu ya michoro ambayo si ya mababu zao. Swali hilo linadhani urithi hupitia damu peke yake. Mapango ya Mfangano yanaonyesha vingine: wageni walikuta kazi ya waliowatangulia, wakaipa nafasi katika maisha yao, wakaifikisha kwetu. Haki ya aina hiyo hutokana na utunzaji. Inawawajibisha pia kulitaja jina la Watwa katika kila maelezo, bila kujipachika mahali pao.

Pingamizi zito zaidi linahusu umoja. Wasuba wameoana na Wajaluo kwa vizazi vingi. Dholuo imekuwa lugha ya kanisa, shule na soko, na Olusuba, lugha ya Wasuba, imo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Je, kuwakumbusha watu utofauti wao si kuchochea mgawanyiko? Ingekuwa hivyo kama makumbusho yangesimulia usafi wa kabila. Historia ya Mfangano yenyewe inakataa usimulizi huo, kwa kuwa ni historia ya kuvuka maji, kupokewa na kuchanganyika. Mtoto anayejua kwamba bibi yake alizungumza Olusuba na babu yake Dholuo ana sababu mbili za kuishi vyema na jirani, wala hana sababu hata moja ya kumchukia.

Sheria tayari imefungua mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaorodhesha makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku ikiacha kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali kuu. Kwa hiyo Kaunti ya Homa Bay, ambamo kisiwa hiki kimo, haina budi kulichukulia suala hili kama wajibu wake, na fedha za watalii zisiwe tegemeo la pekee. Mlinzi wa pango alipwe mshahara wa kudumu, maelezo yaandikwe kwa Olusuba, Dholuo na Kiswahili, wazee warekodiwe wangali hai, na shule za kisiwani ziingie bure. Miiko ililinda michoro hii bila bajeti kwa sababu jamii nzima ilishiriki. Makumbusho yatakayowaacha wanakisiwa nje ya uamuzi yatakuwa na jengo zuri na yatakosa ulinzi huo.