Shule ya Serikali ya Tanga

Shule ya Serikali ya Tanga ilikuwa shule ya wavulana iliyofunguliwa mwaka 1892 mjini Tanga, zama za utawala wa Kijerumani. Ilianza kwa msaada wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, kisha serikali ikaishika yenyewe, nayo ikawa mama wa shule zote za serikali katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Ilidumu chini ya Wajerumani hadi Waingereza walipouteka mji mwaka 1916.

Ilizaliwa mapema mno, mtu aweza kusema, kwa kuwa majeraha ya vita yalikuwa hayajapona. Watu wa pwani walipigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga, alivitungia vita hivyo utenzi. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walewale waliopiga mizinga wakawa wanaomba watoto. Sababu yao haikuwa huruma. Wazungu walikuwa wachache, nchi kubwa, na barua zilizotoka kwa maliwali na maakida, watawala wadogo wa wenyeji, zilikuwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zisizosomeka na afisa bila mkalimani. Mwaka 1893 ikaanza kujengwa reli ya Usambara kutoka Tanga, na forodha, posta na mahakama zote zikataka makarani. Kuwaleta kutoka India au Ulaya kulikuwa na gharama. Mtoto wa jumbe, mkuu wa kijiji, aliyefundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini alikuwa rahisi zaidi.

Wazazi hawakukimbilia. Mji ulikuwa na vyuo vyake, ambako mtoto alisoma Kurani mbele ya mwalimu anayejulikana na ukoo mzima, na hofu ya kwanza ilikuwa kwamba shule ya Mzungu itamgeuza mwana kuwa Mkristo. Hofu hiyo ilikosea shabaha: shule ya serikali haikufundisha Ukristo. Kwa sababu hiyohiyo wamisheni nao waliichukia. Waingereza wa misheni ya Magila na Walutheri wa misheni ya Bethel, waliokuwa na kituo palepale Tanga, waliona kwamba shule isiyo na dini, iliyojaa wana wa Waislamu na kufundisha kwa Kiswahili, ilikuwa ikiusukuma Uislamu bara kwa fedha za serikali. Mzozo huo ulifika hadi Berlin na haukuisha hadi vita vya 1914. Ni ajabu kidogo kwamba shule moja iliweza kushukiwa na sheikh na padri kwa wakati mmoja, kila mmoja akiiona ni mali ya mwenzake.

Mafundisho ya mwanzo yalikuwa kusoma, kuandika na hesabu, yote kwa Kiswahili. Waliofika madarasa ya juu waliongezewa Kijerumani na kazi za ofisini. Mwalimu Mjerumani aitwaye Barth ndiye aliyeiongoza shule katika miaka ya mwanzo. Jambo lililoifanya shule ikue halikuwa jengo la mjini bali vijiji. Vijana waliohitimu walipelekwa kufundisha katika shule ndogo za mashambani, na wanafunzi bora wa shule hizo wakapandishwa kuja Tanga. Majumbe walitakiwa kutoa watoto, na baadhi walitii kwa shingo upande.

Kila mwaka gavana alituma Ujerumani taarifa ya maendeleo ya koloni, na elimu ilipewa mahali pake humo, kwa idadi ya shule na wanafunzi. Hesabu hizo zisomwe kwa uangalifu. Jina katika daftari halisemi kama mtoto alikuja darasani msimu wa kilimo, wala kama aliyejifunza kusoma alipata kitu cha kusoma. Kipimo cha kweli cha watawala kilikuwa kingine: vijana wangapi mwaka huu wameingia kazini. Kwa kipimo hicho Tanga ilifaulu, kwa maana mhitimu wake angeweza kuwa karani, mwalimu, mkalimani au akida katika wilaya za mbali, na Kiswahili cha maandishi ya Kilatini kikasafiri pamoja naye.

Shule ilikuwa pia na karakana za ufundi, ukiwemo useremala, na mtambo wa chapa ambao kwa msomaji wa leo ndio wenye thamani kuliko yote. Hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kuendelea hadi 1916. Walimu na maakida waliotawanyika wilayani waliandika humo habari za mvua, njaa, wageni na sherehe, pamoja na mashairi. Gazeti lilikuwa la serikali na halikuuma mkono uliolilisha, lakini liliwazoesha Waafrika wa miji mbalimbali kuandikiana hadharani bila kuonana. Wanafunzi walikuwa na bendi ya matarumbeta vilevile, wakati ngoma ya beni ikienea mijini pwani.

Wasichana hawakuwamo katika mpango huo. Na kwa wingi, serikali haikuwafikia wamisheni hata kidogo: kufikia 1914 shule zake nchini zilikaribia 100, zenye wanafunzi wapatao 6,000, hali shule za misheni zilikuwa na zaidi ya 100,000, wengi wao wakijifunza kusoma tu na katekisimu.

Vita vilimaliza kazi hiyo. Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi lilishindwa kuutwaa mji. Julai 1916 likaingia. Watawala wapya hawakuwasifu mno waliowatangulia, ila gavana Horace Byatt alikiri mwaka 1921 kwamba elimu ya Wajerumani ilimwezesha kuwasiliana kwa maandishi na kila akida na mkuu wa kijiji, naye akajibiwa kwa Kiswahili. Idara ya elimu ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1920 chini ya S. Rivers-Smith aliyetoka Unguja, iliendeleza Kiswahili katika shule za msingi.

Mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, Unguja, aliunda palepale Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, cha kwanza cha namna hiyo katika Tanganyika. Makarani wa kukijaza hawakuwa haba katika mji wa shule hiyo.